Killarney, Ireland: mialoni mikongwe, miche michache

Hifadhi ya Taifa ya Killarney iko Kaunti ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ireland. Hakuna mahali pengine nchini humo palipobakiwa na msitu wa asili wa mialoni mkubwa kama huu: takriban hekta 1,200, ndani ya hifadhi yenye zaidi ya hekta 10,000. Eneo linalobaki ni maziwa matatu, milima, na nyanda za juu za mboji iliyoloa maji mwaka mzima. Kiingilio ni bure na langoni hakuna wa kukudai tiketi. Njia zilizo karibu na mji zimetunzwa vizuri sana. Kwa upande wa kumpokea mgeni, tunaipa hifadhi hii alama za juu bila kusita. Kwa hali ya msitu wenyewe alama zinashuka, na sehemu kubwa ya tathmini hii inaeleza sababu, kwa kuwa mgeni asiyeelezwa ataona kijani kila upande na kuondoka akiamini kwamba mambo ni shwari.

Kwanza thamani ya kinachotazamwa. Misitu inafunika kama asilimia 11 ya ardhi ya Ireland, lakini mingi ni mashamba ya miti ya kigeni yenye majani ya sindano, iliyopandwa kwa ajili ya mbao. Msitu wenye miti ya asili ya nchi ni kama asilimia 2 tu ya ardhi yote. Mialoni ilikatwa kwa karne nyingi: ikachomwa mkaa wa kuyeyushia chuma, ikapasuliwa mbao za mapipa, magamba yake yakachukuliwa kutengenezea ngozi. Kilichosalimika Killarney kilisalimika zaidi kwa sababu kilikuwa ndani ya mashamba ya matajiri wachache. Mwaka 1932 shamba la Muckross lilitolewa kwa taifa na Seneta Arthur Vincent pamoja na wakwe zake, akina Bourn, kwa kumbukumbu ya mkewe Maud, na hapo ikaanza hifadhi ya kwanza ya taifa ya Ireland. Tangu 1981 eneo hili limo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi hai.

Mwaloni wa hapa ni Quercus petraea, na hilo la pili katika jina lake maana yake ni wa mawe. Ndivyo ulivyo: unaota juu ya miteremko ya jiwe la mchanga lenye tindikali, penye udongo haba. Kuutambua ni rahisi. Tazama mbegu: kwa aina hii zimekaa juu ya kijiti moja kwa moja, hazina kikonyo, ilhali jani lina kikonyo kirefu kinachoonekana. Ile aina nyingine ya mwaloni inayoota sana Ulaya ni kinyume chake, mbegu zake zinaning'inia kwenye kikonyo na jani halina cha kutajika. Kwenye kisigino cha jani, chini kabisa, mwaloni wa mawe hauna vile vipande viwili vidogo vinavyofanana na masikio. Ukishajua alama hizo tatu hutakosea.

Chini ya mialoni kuna mti mdogo wa holi, Ilex aquifolium, wenye majani mazito yasiyopukutika. Huu una somo lake: majani ya chini, yanayofikiwa na mdomo wa mnyama, yana miiba mikali, na ya juu yasikofikiwa mara nyingi hayana. Kisha kuna kigoga, yaani lile zulia nene la kijani linalovaa mawe, magogo na mashina hadi kwenye matawi. Hapo ndipo Killarney inapozizidi hifadhi nyingi za Ulaya. Mvua hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, theluji ni nadra na kiangazi si kikali, kwa hiyo mimea isiyo na mizizi ya kweli inapata unyevu siku zote kutoka hewani. Kuna makangaga yenye majani membamba kiasi cha kupitisha mwanga kama karatasi ya kufungia peremende. Aina moja maarufu, kangaga la Killarney, iling'olewa sana na wakusanyaji wa karne ya 19 hadi ikawa adimu, na leo inalindwa kisheria. Ukiliona, lipige picha lakini usimwonyeshe kila mtu lilipo.

Kwenye mawe yenye kuvumwani, siku za mvua, hutoka konokono asiye na kombe mwenye madoadoa meupe au ya manjano. Aligunduliwa Kerry katika karne ya 19, na nje ya Ireland makazi yake ya asili ni Uhispania na Ureno. Akishtuliwa hujikunja kama mpira. Mti wa arbutusi una habari inayofanana: unaota wenyewe Ireland na kusini mwa Ulaya, lakini Uingereza hauna asili. Matunda yake ni mekundu, yenye vinundu, sawa na stroberi kwa sura. Kwa ladha, usitarajie makubwa. Yanachukua mwaka mzima kuiva, ndiyo maana Oktoba na Novemba mti mmoja huwa na maua meupe na matunda mekundu kwa pamoja. Mahali rahisi pa kuuona ni kingo za maziwa, hasa upande wa Dinis.

Msitu wa pili kwa umuhimu hauna mwaloni hata kidogo. Ni Reenadinna, kwenye rasi ya Muckross, wenye ukubwa wa kama hekta 25, na mti wake mkuu ni yuu, Taxus baccata. Hapa jiwe linabadilika. Mpaka kati ya jiwe la mchanga na jiwe la chokaa unapita papo hapo, na yuu imeshika chokaa. Udongo hauzidi unene wa vidole vichache, mahali pengine haupo kabisa, na mizizi inapita juu ya mwamba na kuzama kwenye nyufa. Ndani ni giza hata saa sita mchana. Misitu ya yuu ya namna hii ni michache sana Ulaya nzima. Angalizo kwa wenye watoto: majani na mbegu za yuu ni sumu kali. Nyama nyekundu ya tunda haina sumu, ila mbegu iliyomo ndani inayo, na mtoto hawezi kutenganisha. Mwambie asiokote kitu.

Sasa tuje kwenye kasoro.

Ingia kwenye mialoni, simama, na badala ya kutazama juu tazama chini. Hesabu miche iliyofika magotini. Sehemu nyingi utamaliza kuhesabu bila kuanza. Miti mikubwa ipo, yenye umri wa miaka mia na zaidi, lakini walio nyuma yao hawapo. Msitu wa namna hii ni kama kijiji cha wazee watupu: leo kimejaa watu, na hesabu ya kesho inajulikana. Sababu ni tatu, na zinashikana.

Ya kwanza ni mwanga. Mbegu ya mwaloni ina akiba ya chakula ya kuutosha mche kwa msimu wa kwanza. Baada ya hapo mche unahitaji jua, na chini ya kivuli cha mama yake, ukiongeza na kivuli cha holi, unadhoofika na kufa ndani ya miaka michache. Hili lingekuwepo hata pasingekuwa na mnyama yeyote. Kwa hiyo wanaodhani kuweka uzio peke yake kutaleta mialoni wanakosea. Ndani ya uzio ambako matawi ya juu hayajafunguka, kinachoshamiri zaidi ni holi na michongoma. Mwaloni unataka pengo, yaani mti mkubwa uanguke na jua liguse ardhi.

Ya pili ni midomo. Kulungu wekundu wa Killarney, hawa wenye pembe za matawi, ndio kundi la mwisho la Ireland lililodumu porini tangu kale, na wanastahili kila ulinzi wanaopewa. Karibu na 1970 walikuwa wamebaki pungufu ya 100, kisha wakaongezeka sana. Tatizo ni kwamba hawako peke yao. Mwaka 1865 waliletwa kulungu wa Japani, sika, ambao ni wadogo zaidi na wanapenda kukaa ndani kabisa ya msitu. Pamoja na kondoo na mbuzi wanaopenya, kila pengo linapofunguka mche huliwa ncha kabla haujafika kimo cha goti. Mche unachipua tena pembeni, unaliwa tena, na baada ya miaka kadhaa unakata tamaa.

Ushahidi unausoma mwenyewe bila kifaa. Tafuta mstari wa kula: usawa wa kifua hadi kichwa cha mtu, chini yake holi na arbutusi hazina majani, juu yake zina majani tele, kana kwamba mtu amepitisha panga kwa kipimo. Kisha tafuta jiwe kubwa lenye kuta wima, refu kuliko mtu. Juu yake, mahali mnyama asipofika, utaona miche ya mririda wa Ulaya (rowan), holi laini, vichaka vya matunda meusi, mara nyingine na mwaloni mchanga. Chini yake, hatua mbili pembeni, kigoga kitupu. Visiwa vidogo vya Ziwa la Juu vinaonyesha jambo hilo hilo. Mwongoza wageni yeyote anayejua kazi yake angewasimamisha watu hapo dakika tano. Vibao vya hifadhi vinaeleza miti na ndege kwa ufasaha, lakini jambo hili zito linahitaji kibao chake kwenye njia zenye watu wengi.

Ya tatu ni rododendroni. Anayeijua Amani, kule Usambara Mashariki, amekwisha kuona jinsi mti wa Maesopsis eminii ulioletwa na wataalamu wa misitu ulivyojisambaza ndani ya msitu wa asili. Killarney ina mgeni wake. Rhododendron ponticum iliingizwa kama ua la bustani katika karne ya 19. Mei na Juni inatoa maua ya zambarau yanayopendeza mno, na watu wengi huyapiga picha wakidhani ni sehemu ya uzuri wa asili. Ni kichaka cha majani mazito ya kijani giza, kinachofika mita kadhaa kwenda juu, kisichopukutika, na chini yake hakuoti kitu. Mnyama hakili kwa sababu kina sumu, kwa hiyo kulungu wanaofyeka washindani wake wote wanakifanyia kazi bila malipo. Kichaka kimoja kikubwa kinaweza kutoa mbegu zinazofikia milioni kwa mwaka, nyepesi kama vumbi, na kigoga chenye unyevu ni kitalu kamili kwake.

Kukiondoa ni kazi ya mpangilio, na mpangilio ndio unaoshindikana mahali pengi. Kichaka hukatwa karibu kabisa na ardhi kwa msumeno, kisha kisiki hupakwa dawa ya magugu siku hiyo hiyo, kwa kuwa kikikauka hakinywi tena na kitachipua machipukizi kumi badala ya shina moja. Dawa huchanganywa na rangi ili anayefuata nyuma aone kisiki kipi kimerukwa. Mvua ikitarajiwa saa chache zijazo, kazi huahirishwa. Penye mteremko mkali ambako matawi hayawezi kuburutwa, hutobolewa tundu linaloelekea chini kwenye shina hai na kumiminwa dawa kidogo. Kichaka kinafia palepale kikiwa kimesimama. Miche midogo hung'olewa kwa mkono, na hapo ndipo wengi hukosea: mche uliong'olewa ukitupwa juu ya kigoga chenye maji unashika mizizi upya. Kung'utwa udongo, kisha kuning'inizwa kwenye tawi mizizi ikiwa hewani, ndiyo njia.

Halafu kuna kurudi. Mche wa rododendroni huchukua takriban miaka kumi kufika umri wa kutoa maua. Maana yake, eneo lililosafishwa likipitiwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, hakuna mche utakaowahi kuzaa, na mbegu zilizomo ardhini hazidumu muda mrefu. Likiachwa miaka kumi na mitano, kazi yote ya mwanzo imepotea, na gharama ya kuanza upya ni ile ile. Watu wa kujitolea walianza kazi hii Killarney mwaka 1981, kwa misumeno ya mkono na mikono yao, na mitaa ya msitu waliyoirudia kwa nidhamu inaonekana hadi leo: unapita katikati ya mialoni na macho yanafika mbali. Mitaa ambayo haikurudiwa nayo inaonekana. Tungependa hifadhi itangaze ramani ya wazi, kila mtaa wa msitu na mwaka uliopitiwa mara ya mwisho. Fedha kubwa za mara moja hazisaidii hapa kama fedha ndogo za kila mwaka.

Aprili 2021 moto ulichoma takriban hekta 2,500, zaidi kwenye nyanda za juu za nyasi na mboji. Mialoni mingi iliponea, kwa kuwa msitu wenye unyevu hauwaki upesi. Mwezi wa nne ndio wa hatari: nyasi za mwaka uliopita zimekauka, mpya hazijaota, na upepo wa mashariki ni mkavu. Ndiyo sababu majiko ya kuchomea nyama na mioto ya kila aina imepigwa marufuku, na tunaunga mkono bila masharti.

Kuna habari njema pia. Kuanzia 2007 hadi 2011, makinda 100 ya tai mkia-mweupe yaliletwa kutoka Norway na kuachiwa Killarney, baada ya ndege hao kutoweka Ireland mwanzoni mwa karne ya 20. Ni ndugu wa furukombe wetu wa Naivasha na Ziwa Victoria, mkubwa zaidi kwa umbo. Baadhi walikufa kwa sumu iliyowekwa kwenye mizoga, lakini 2013 makinda ya kwanza yaliyozaliwa Ireland yaliruka. Kumtafuta, kaa kimya kando ya maziwa na utazame miti mirefu ya visiwani.

Njia sasa. Ukifika kwa treni, kutoka stesheni ya Killarney hadi lango lililo mbele ya kanisa kuu la St Mary ni mwendo wa miguu usiozidi dakika 20. Kutoka Dublin kwa kawaida hubadilishi zaidi ya mara moja, Mallow. Uwanja wa ndege wa Kerry, ulioko Farranfore, uko kama kilomita 15 kaskazini. Huhitaji gari kwa siku ya kwanza, na kwa kweli gari ni mzigo: barabara ya N71 inayokatiza hifadhi ni nyembamba, yenye kona, na mabasi ya watalii hayakwepeki.

Kodi baiskeli mjini na uzunguke Ziwa la Muckross, kama kilomita 10 kuanzia nyumba ya Muckross. Baiskeli huenda kinyume cha mishale ya saa, yaani unaanza na rasi, unapita Reenadinna, daraja la Brickeen, Dinis, na kurudi kwa upande wa Torc. Fuata mwelekeo huo. Njia ni nyembamba, ina watembea kwa miguu na mikokoteni ya farasi, na anayekuja kinyume anahatarisha wote. Hii ndiyo njia bora kwa familia, kwa sababu ndani ya saa mbili au tatu unaona chokaa na yuu, kisha mchanga na mwaloni, bila kupanda mlima. Kosa la wengi ni kupita Reenadinna wakiwa juu ya baiskeli. Shuka, simama dakika kumi, acha macho yazoee giza.

Maporomoko ya Torc, yenye kimo cha kama mita 20, ni mazuri baada ya mvua na ya kawaida tu baada ya wiki kavu. Kasoro yake ni maegesho: msimu wa kiangazi yanajaa kabla ya saa tano asubuhi na magari yanaanza kuegeshwa kandokando ya N71, jambo la hatari. Fika kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Juni jua halizami hadi karibu saa nne usiku, kwa hiyo hakuna haraka. Au njoo kwa miguu kutoka Muckross.

Kwa mwenye kutaka mwaloni wenyewe, jibu ni Tomies, upande wa magharibi wa Lough Leane, ziwa kubwa kuliko yote matatu. Ni mzunguko wa takriban kilomita 8, saa tatu kwa mwendo wa kawaida, wenye mteremko wa wastani na maporomoko ya O'Sullivan katikati. Watu ni wachache. Ngazi za kushukia maporomokoni zina utelezi mbaya, na mawe yaliyovaa kigoga ni kama sabuni hata yakionekana makavu. Raba za mjini hazifai. Vaa buti zenye meno.

Kisha kuna Derrycunihy na barabara ya zamani ya Kenmare. Njia inatoka Torc, inapanda hadi kwenye nyanda za mboji, inapita bonde la Esknamucky na kushuka hadi mialoni karibu na daraja la Galway. Ukiwa na muda wa safari moja tu ya siku nzima, chagua hii. Unaanzia msituni, unatoka penye uwazi wa nyasi na mboji ambako kulungu wekundu hukaa, halafu unaingia tena kwenye mialoni mikongwe zaidi kwa sura, yenye mawe makubwa ya kufanyia ule uchunguzi wa miche. Sehemu zenye maji zimewekwa njia za mbao. Usishuke kwenye mbao kukwepa dimbwi: ngozi ya mboji ikikanyagwa na wengi inachanika, maji yanatiririka ndani ya kovu, na mahali palipokuwa na hatua moja panakuwa handaki. Panga usafiri wa kurudi kabla ya kuondoka, kwa sababu unamalizia barabarani mbali na mji na mabasi si mengi.

Mlima Torc, mita 535, unafaa mtu asiyezoea milima. Njia imetandikwa mataruma ya reli sehemu kubwa, na kwenda na kurudi kutoka maegesho ya juu huchukua kama saa tatu. Mangerton, mita 839, ni jambo jingine. Kilele chake ni uwanda mpana wa mboji usio na alama, na ukungu ukishuka pande zote zinafanana. Bila ramani, dira na ujuzi wa kuvitumia, ishia kwenye ziwa la Devil's Punchbowl na urudi. Simu hukosa mtandao mabondeni. Namba ya dharura ni 112, ukiomba uokoaji wa milimani.

Vitu vya kubeba ni vichache ila havina mbadala: koti la mvua lisilopenya, siku yoyote ya mwaka, soksi za akiba, suruali ndefu. Kupe wapo kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, hasa kwenye nyasi ndefu na magugu ya mlimani, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Jikague jioni nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Ukimkuta, mkamate karibu kabisa na ngozi kwa kibano chembamba na umvute wima taratibu. Usimpake mafuta wala kumchoma. Doa jekundu likipanuka siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari na umtajie kupe. Usubi hutesa jioni tulivu za kiangazi karibu na maji. Palipo na upepo hawapo.

Mikokoteni ya farasi inapatikana mjini na Muckross. Wenye kuiendesha wengi wanaijua historia ya eneo vizuri. Patana bei na urefu wa safari kabla ya kupanda. Boti za kutoka ngome ya Ross hadi Ziwa la Juu ndizo huduma tunayoipendekeza kuliko zote za kulipia, kwa kuwa ndiyo njia pekee rahisi ya kuona misitu ya visiwani na ya mwambao usio na barabara. Hazitoki upepo ukiwa mkali. Kupiga kambi ndani ya hifadhi hakuruhusiwi, droni nazo marufuku, na mbwa lazima awe na kamba.

Msimu? Mei kwa majani machanga. Kwa wote wengine, Oktoba: watu wamepungua, usubi wamekwisha, arbutusi ina maua na matunda, na madume ya kulungu wekundu wananguruma tangu alfajiri wakigombea majike. Wakati huo dume hatabiriki, kaa angalau mita 50 na usisimame kati yake na majike. Uwanja wa Knockreer, karibu kabisa na mji, ni mahali pazuri pa kuwaona kabla jua halijapanda.

Na ukirudi maegeshoni kutoka sehemu yenye rododendroni, hasa vuli na majira ya baridi, kwangua tope lote kwenye soli na utumie brashi hadi kwenye mishono ya buti, kabla hujaendesha kwenda msitu mwingine. Mbegu zake ni ndogo kuliko chembe ya mchanga, na kwenye tope lenye unyevu husafiri salama.